Mtaa hauna maji na watu wamekasirika: namna ya kufuatilia haki kwa njia ya Kibuddha

Wacha niseme mapema ndio usiachie katikati, hii si ya kukutoa kanisani wala msikitini. Endelea na Jumapili yako, endelea na Ijumaa yako. Wabuddha ni wachache sana Kenya, hapa Kisumu unaeza kaa miaka bila kukutana na mmoja, na kama unataka kuona mtawa Mwafrika itabidi uvuke ziwa uende upande wa Entebbe ambako Bhante Buddharakkhita, Mganda mwenyewe, alianzisha kituo mwaka wa 2005. Lakini kuna kitu hao watu wamekifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 2,400 na sisi huku kwa mambo ya haki tunakihitaji sana, yaani namna ya kupinga dhuluma bila hiyo vita kukugeuza wewe mwenyewe kuwa dhalimu mdogo. Kama umewahi kuwa kwa kamati ya mtaa ikavunjika juu ya matusi ya WhatsApp, unajua naongea kuhusu nini.

Nitatumia mfano wa maji juu ndio kesi ya kawaida kabisa. Weka mtaa wako mwenyewe, Nyalenda, Manyatta, Obunga, ama Rhonda na Kaptembwo kama uko Nakuru. Mfereji umekauka, mtungi wa lita 20 umepanda bei, wamama wanaamka saa kumi usiku kupanga foleni, na kuna bomba kubwa linapita hapo hapo likielekea estate ya watu wako na mita na tenki. Ikiwa kesi yako ni ya kubomolewa vibanda ama mtaro wa maji taka, hatua ni zile zile.

Buddha mwenyewe alikutana na kesi ya maji, na ukiisikia utadhani ilitokea Ahero kwa mashamba ya mchele. Mto unaitwa Rohini, huko mpakani mwa India na Nepal ya leo. Upande huu ni Wasakya, watu wa babake, ule mwingine ni Wakoliya, watu wa mamake, ukame umeingia na maji iliyobaki haitoshi mashamba ya pande zote. Wafanyakazi wakaanza kubishana nani anyunyizie kwanza, kubishana kukawa kutukanana, na matusi yenyewe haikuwa ya maji tena, ikawa ya ukoo, ati nyinyi mnalala na dada zenu, nyinyi mko na ukoma. Habari ikapanda juu kwa wakubwa ikiwa imeongezwa chumvi, majeshi mawili yakatoka na silaha. Buddha akaenda akauliza wafalme, mnapigania nini? Hawakujua! Wakauliza walio chini yao, hao nao wakauliza walio chini yao, mpaka swali likafika kwa wale wafanyakazi wa shamba ndio jibu likatoka, ni maji. Akawauliza maji ina thamani gani, wakasema kidogo. Na damu ya hawa watu wenu? Hiyo haina bei. Vita ikaishia hapo.

Mtu yeyote alikuwa Nakuru, Naivasha ama Kisumu mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, haitaji kuelezewa hiyo hadithi. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, laki sita hivi wakafurushwa kwao, na wengi waliotoana kwa nyumba walikuwa wakichota maji mfereji mmoja.

Anza na daftari, maandamano baadaye

Buddha alipanga mafundisho yake yote kwa mambo manne: kuna mateso, mateso iko na chanzo, inaeza isha, na iko na njia ya kuimaliza. Chukua daftari la kawaida, gawanya ukurasa mara nne, andika kesi yenu hapo. Usiifanye peke yako, keti na watu wanne watano, na hakikisha kuna mama mwenye anachota maji mwenyewe, si wanaume wa kamati pekee wenye hawajui hata mtungi ni pesa ngapi.

Kwa sehemu ya kwanza andika mateso venye iko, bila siasa. Nani anaumia, saa ngapi, kwa njia gani. Mtoto wa darasa la sita anachelewa shule juu ya foleni. Mzee mwenye hawezi beba mtungi ananunua maji ya mkokoteni. Msichana anashikwashikwa gizani akienda kuchota. Hiyo ya mwisho wanaume husahau kuandika, mimi ningeiweka juu kabisa.

Sehemu ya pili, chanzo, ndio iko na kazi. Kibuddha hakuna kitu kinatokea na sababu moja, kila kitu kinashikiliwa na vitu vingine, ukitoa kimoja kingine kinalegea. Na mizizi wanayotaja ni mitatu, tamaa, chuki na ujinga. Usidhani hiyo ni ya moyoni pekee, hata ofisi iko nayo. Tamaa ni wale wanakata bomba usiku ndio mauzo ya maji yao ipande, na mkubwa fulani anakula hapo. Chuki ni mtaa kuachwa nyuma juu ulipigia kura upande mwingine. Ujinga ni kwamba hakuna mtu kwa mtaa mzima anajua bajeti ya maji ya wadi ni ngapi, na hiyo ndio rahisi kumaliza kwa hivyo anza nayo.

Kabla mumalize sehemu ya chanzo mkiwa mmeandika tu "vijana wanaharibu mabomba," kuna mafundisho ya zamani inaitwa Cakkavatti-Sihanada ningetaka mjue. Mfalme alilinda nchi vizuri lakini hakupatia maskini kitu. Umaskini ukaenea, mtu mmoja akaiba, akaletwa mbele ya mfalme akasema sina cha kula. Mfalme akampatia mali. Wengine waliposikia wizi unalipa nao wakaiba, mfalme akabadilisha akaanza kukata watu vichwa, na wezi wakasema sawa, hata sisi tutatengeneza silaha tukate wale tunawaibia. Kutoka hapo ikawa kuuana, uongo, mpaka maisha ya binadamu yenyewe ikafupika. Angalia venye hadithi imepanga lawama, ya kwanza iko kwa serikali iliyokosa kutoa, mwizi anakuja nyuma. Na pia inasema kumrushia mtu mmoja pesa bila kubadilisha kitu haitibu, hapo nafikiria zile elfu mbili mbili za wakati wa kampeni.

Sehemu ya tatu andikeni mkimaliza mtajuaje, kwa maneno ya kupimika, si "tunataka maendeleo." Kwa mfano kioski kimoja cha maji kwa kila kona, maji siku fulani za wiki, bei imeandikwa ukutani. Ya nne ni njia, na ndio yote inafuata hapa chini.

Jua kabla useme

Watu wa Kalama waliambia Buddha kila mhubiri anapita hapa anasema yeye ndio mkweli, tufuate nani. Akawaambia msiamini kitu juu tu kimesemwa sana, ama kiko kwa maandiko, ama aliyesema ni mwalimu wenu. Angalieni wenyewe kama kinaleta madhara ama faida. Sasa chukua hiyo sheria uweke kwa grupu ya mtaa: skrinshoti haina tarehe, usifowadi. Odio ya "nimesikia MCA (mwakilishi wa wadi) ameuza bomba," usifowadi.

Badala yake omba karatasi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, kwa hivyo huendi kuomba msaada. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari iliyo kwa serikali, na kuna sheria ya 2016 ya kupata habari inayosema afisa akujibu ndani ya siku 21. Kama jambo linagusa uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Barua unaandika kwa Kiswahili ama Kiingereza, zote zinakubalika, na mtu mwenye hajui kuandika anaeza enda kusema kwa mdomo na afisa ndio anatakiwa kumwandikia.

Barua iwe fupi. Jina, simu, tarehe, halafu maswali matatu ya wazi: bajeti ya maji ya wadi yetu mwaka huu wa fedha ni ngapi, imetumika ngapi na kwa kazi gani, kandarasi ilipewa nani. Usiweke matusi, usiweke hadithi ya maisha, usiandike "kama mnavyojua nyinyi ni wezi." Nenda saiba utoe nakala mbili, moja unaacha, ya pili igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Bila muhuri hujapeleka barua, hata kama karani alikuchekea vizuri. Siku 21 zikipita kimya unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman, ukiwa na hiyo nakala.

Kabla ufungue mdomo

Hii ndio sehemu mimi naona Wabuddha wametushinda mbali. Kuna mahali Buddha ametaja mambo matano yanayofanya maneno yawe mazuri: yamesemwa kwa wakati wake, ni ya kweli, yamesemwa kwa upole, yana faida, na yametoka kwa moyo wa kutakia mwingine mema. Yote matano kwa pamoja, huchagui. Watu wa haki wengi wetu tunashika ya kweli pekee tunadhani tumemaliza.

Jaribu kwa baraza. Chifu amesimama, na wewe unajua kwa uhakika kioski kimefungwa juu jamaa yake anauza maji ya mkokoteni. Ni kweli, na iko na faida ikijulikana. Lakini ukiipiga kelele hapo mbele ya watu mia mbili, chifu atafanya nini? Atajitetea, jamaa zake watasimama, wako pia watasimama, na dakika tano baadaye ni kabila na kabila, Rohini imerudi. Mwendee kando siku moja mbele na mashahidi wawili, umwambie, mzee, tumeona hii na hii, tarehe hizi, kesho kwa baraza tutauliza kioski kitafunguliwa lini, tungependa wewe ndio ujibu. Umempatia njia ya kutoka na bado swali liko palepale. Akikataa, kesho unauliza mbele ya watu kwa sauti ya kawaida na karatasi mkononi.

Kwa grupu weka sheria kwamba admini anatoa ujumbe wowote unaotaja kabila ya mtu. Wowote, hata wa utani, hata kama admini mwenyewe ndio alicheka.

Na hasira je

Watu wakisikia Ubuddha wanafikiria mtu amekunja miguu anatabasamu na nyumba inaungua. Sawa, wacha nikupe Ambedkar. Bhimrao Ambedkar alizaliwa India 1891 kwa watu waliohesabiwa najisi, wale ambao wakigusa maji ya wengine ati yamechafuka. Mji wa Mahad ulikuwa na bwawa la umma, manispaa ilikuwa imeshapitisha kwamba kila mtu achote, lakini ilikuwa karatasi tu, wa tabaka la juu walizuia. Tarehe 20 Machi 1927 akaongoza maelfu ya watu wakatembea mpaka kwa bwawa, akainama akanywa, wakanywa wote. Ni hiyo tu, kunywa maji. Walipigwa siku hiyo, na wa tabaka la juu wakalimwagia mavi na mikojo ya ng'ombe kulitakasa. Yeye hakuchoma nyumba ya mtu. Alikuwa wakili, wa tabaka la juu walipomshtaki akajitetea kortini, kesi ikaburuta mpaka 1937 ndio Mahakama Kuu ya Bombay ikawapa haki. Baadaye akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na kifungu cha 17 kikafuta unajisi. Oktoba 14, 1956 akaingia Ubuddha rasmi kule Nagpur pamoja na laki kadhaa za watu, juu alisema hapo ndio aliona usawa, na kweli Buddha alikuwa amewahi kumpokea Upali, kinyozi, kabla ya wana wa wafalme waliokuja naye siku hiyo, ndio wawe wanamsalimia kwa heshima kama mkubwa wao.

Kwa hivyo upole si kunyamaza. Na usikubali mtu akuambie maskini anateseka juu ya dhambi za maisha ya zamani, kuna Wabuddha husema hivyo na wanakosea mwalimu wao. Mtu anaitwa Sivaka aliuliza Buddha hilo swali, akajibiwa kwamba maumivu mengine yanatoka kwa magonjwa ya mwili, mengine kwa hali ya hewa, mengine kwa kushambuliwa na watu, na wenye kusema yote ni ya zamani wanapita ukweli. Huku kwetu huwa tunasema "ni mapenzi ya Mungu" na bomba limekatwa na hacksaw.

Zoezi lenyewe la hasira ni hili, dakika kumi kabla ya mkutano ama kabla ya kuingia ofisi yoyote. Keti, kiti cha plastiki kinatosha. Fuata pumzi ikiingia na ikitoka. Halafu jitakie mema kwa maneno yako, niwe salama, nisiwe na chuki. Halafu mtu unampenda, mama yako ama mtoto. Halafu mtu huna haja naye, kama yule wa boda alikubeba asubuhi. Mwisho kabisa yule afisa. Hapo ndio utasikia tumbo limekaza, ni sawa, usilazimishe, mtakie hata kitu kidogo, alale vizuri, aache kuogopa bosi wake. Humsamehei deni. Unahakikisha tu ukifika mlangoni kwake unadai maji na hudai aaibike, juu hivyo viwili vinachanganyika haraka na yeye atajua mara moja ni kipi kimekuleta.

Kushika jembe, na kuingia barabarani

Sri Lanka kuna harakati inaitwa Sarvodaya, A. T. Ariyaratne aliianzisha 1958 akipeleka wanafunzi vijijini kufanya kazi ya mikono na wenyeji, barabara, visima, mitaro, wakila pamoja bila kujali tabaka. Hiyo hatufundishwi, sisi tuko na saga, ile kazi ya pamoja ya Waluo, na harambee. Jumamosi moja zibueni mtaro unaopita karibu na mfereji. Watu wenye wamechafuka matope pamoja hawatukanani ovyo kwa mkutano. Lakini hapa nina wasiwasi wangu: serikali inapenda sana watu wa kujitolea. Msizibue mtaro kila wiki mkasahau kuuliza pesa za mtaro zilienda wapi, piga picha ya kazi mliyofanya na uiambatanishe na ile barua.

Kama barua imekataliwa na petisheni kwa bunge la kaunti imelala, basi barabara iko. Kifungu cha 37 cha Katiba yetu kinaruhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Unapeleka notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, ni notisi, si kuomba ruhusa, na hiyo pia igongwe muhuri.

Mtindo wa kutembea mnaeza azima kutoka Kambodia. Mtawa Maha Ghosananda alipoteza jamaa zake wakati wa Khmer Rouge, utawala ulioua watu wengi huko, na 1992 akaongoza watu kutembea kutoka mpaka wa Thailand mpaka Phnom Penh nchi ikiwa bado na mabomu ya ardhini, wakisindikiza wakimbizi kurudi makwao. Polepole, kwa mistari. Kwa Kondele ama hapo mjini hiyo inamaanisha: wamama na wazee mbele, vijana kumi wa kupanga watu wakiwa na vitambaa vya rangi moja, mitungi mitupu mikononi, hakuna jiwe, na mtu akishika jiwe mnaketi chini wote ndio abaki amesimama peke yake. Mmalize mapema kukiwa bado mchana, wale wa kupora duka huja giza likikaribia.

Mtu akishikwa, andikeni jina lake, kituo na saa. Anatakiwa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ana haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili, na bondi ya polisi ni bure, ukiitishwa pesa uliza risiti. Akiumizwa, hospitali kwanza, halafu namba ya OB (kitabu cha ripoti cha polisi), halafu IPOA, mamlaka ya kuchunguza polisi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu wana ofisi Kisumu.

Angalia kwako pia

Kuna orodha Buddha alimpa kijana Sigala, ndani yake mwajiri anaambiwa afanyie wafanyakazi wake mambo matano: kazi kulingana na nguvu zao, chakula na mshahara, matibabu wakiugua, kugawana nao vitu vitamu, na mapumziko. Sasa kabla ya kuongoza petisheni jiulize dada wa kazi nyumbani kwako anakula lini na analala saa ngapi, na huyo ndio anabeba mtungi, si wewe. Wenye mashua kule ufuoni nao wasome hiyo orodha wakifikiria jaboya, mama kulazimishwa kulala na mvuvi ndio apate samaki ya kuuza. Huwezi simama kwa baraza kuongea maji na usiku uko kwa hiyo biashara.

Na msije mkadhani dini yenyewe inalinda mtu. Myanmar 2007 watawa waliandamana kupinga jeshi, wakageuza bakuli zao juu chini kukataa sadaka ya wanajeshi. Miaka kumi baadaye, 2017, Warohingya, Waislamu wachache wa huko, zaidi ya laki saba wakakimbilia Bangladesh kutoka nchi hiyo hiyo, na kuna watawa walikuwa wamehubiri chuki dhidi yao miaka na miaka. Wote walivaa rangi moja. Ndio nasema ile sheria ya kabila kwa grupu msiiguse hata mkishinda.

Mambo ya kugawana kazi, mapema: mmoja anabeba faili, mwingine anaandika, mwingine anaongea, na mbadilishane kila mwezi. Mwenye faili asiwe mwenye kuongea, juu mkubwa akitaka kununua kamati ataanza na mwenye kuongea, na siku hiyo ikifika karatasi zote zenye muhuri ziwe kwa nyumba nyingine, na fotokopi kwa nyumba ya tatu.